Fahamu: Kwa nini matuta hayatoshi barabara kuu ikikatiza mji

Makambako ni njia panda: hapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hukutana na ile ya Njombe na Songea. Malori yaendayo Zambia hupita, na pembeni kuna mtu anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa, gurudumu likiteleza kwenye ukingo wa lami.

Kwenye makazi, sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Dereva hupunguza akifika kwenye tuta, kisha hukanyaga mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65, hatari ya mwenda kwa miguu kufa akigongwa huongezeka mara nne na nusu.

Basi ibadilishwe barabara yenyewe. Njia ya magari ikibanwa, mguu wa dereva hulegea bila kuamrishwa. Zebra ikiinuliwa, inakuwa kivuko na tuta kwa pamoja. Kisiwa cha katikati humwezesha bibi mwenye ndoo kichwani kuvuka nusu nusu, akitazama upande mmoja tu kwa wakati. Baiskeli nayo itengewe njia yake kwa ukingo wa zege. Mstari wa rangi peke yake hugeuka kijiwe cha bodaboda kabla haujakauka.