Je, Wajua? Bingwa Aliyekabidhiwa Kombe Mvuani

JE, WAJUA kuwa mwaka 1963 mshindi wa mashindano ya gofu ya Natal Open, mjini Durban, Afrika Kusini, alikabidhiwa kombe lake nje, mvua ikinyesha, huku wale aliowashinda wamejikalia ndani ya klabu? Aliitwa Sewsunker Sewgolum, Mhindi wa Durban, ila dunia inamjua kwa jina la Papwa. Serikali ya Makaburu ilimpa kibali cha kupiga mpira kwenye nyasi za Durban Country Club. Kuingia kwenye jengo la klabu, marufuku. Wahudumu wa Kihindi waliobeba sinia za vinywaji humo ndani waliruhusiwa. Bingwa wa Kihindi hakuruhusiwa.

Picha yake akipokea kombe mvuani ilizunguka dunia. Mtu asiyejua gofu inachezwaje aliitazama na kuelewa mara moja Afrika Kusini ni nchi ya namna gani. Wengi wakiulizwa nini humfanya mwanamichezo awe mkubwa kuliko mchezo wake, hukimbilia kuhesabu vikombe. Mimi naona ukubwa huo huja pale ushindi wake unapowalazimisha wenye nchi kuonyesha hadharani walichokuwa wakikificha.

Sasa twende Chatsworth, kusini mwa Durban, tuone ubaguzi huo ulivyowapangia Wahindi wenzake pa kuishi.

Je, wajua kuwa Chatsworth haikukua yenyewe kama mitaa mingine? Ilipangwa. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, kila rangi ilikatiwa sehemu yake ya kuishi. Miaka ya 1960 maelfu ya familia za Kihindi ziliondolewa Cato Manor, kambi ya wafanyakazi wa manispaa ya Magazine Barracks na kwingineko, zikapelekwa huko kwenye vilima ambako Wahindi wengine walikuwa na mashamba yao. Sehemu za mji huo mpya zilipewa namba kabla ya majina: Unit 1, Unit 2, mpaka Unit 11. Na mahali palichaguliwa kwa hesabu, Wahindi wakae katikati, kati ya mitaa ya Wazungu na Umlazi ya Waafrika. Riverside, mtaa wa Papwa kando ya mto Umgeni, nao ulitangazwa kuwa wa Wazungu.

Wahindi hao walifikaje Durban? Meli ya kwanza, Truro, ilitia nanga tarehe 16 Novemba 1860, na hadi 1911 walikuwa wameletwa zaidi ya watu 150,000 kulima miwa kwa mkataba. Sisi tungewaita manamba.

Je, wajua Papwa alishikaje fimbo? Chukua fagio la mpini mrefu ukajaribu. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia huweka wa kushoto juu, karibu na ncha ya mpini, na wa kulia chini yake. Papwa aligeuza: wa kulia juu, wa kushoto chini. Mwalimu yeyote wa gofu angemkatalia siku ya kwanza. Bahati yake hakuwa na mwalimu. Fimbo ya mwanzo aliichonga mwenyewe kwa tawi la mti, na mchezo akaujifunza kwa kuwabebea Wazungu mikoba ya gofu katika klabu ya Beachwood. Mama yake alikuwa kipofu, na yeye mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika.

Je, wajua kuwa aliyempeleka Ulaya ndiye aliyevumbua mafuta ya uso ya Oil of Olay? Huyo ni Graham Wulff, mkemia wa Durban. Mwaka 1959 Papwa alifika Uholanzi na kulitwaa taji la Dutch Open. Akalitwaa tena 1960. Akalitwaa tena 1964. Huko aliingia klabuni kwa mlango wa mbele.

Mwaka 1965 alishinda Natal Open kwa mara ya pili, na safari hii aliyemwacha nyuma ni Gary Player, Mzungu wa Afrika Kusini. Kwa asiyefuatilia gofu: Player ndiye aliyeshinda US Open mwaka huohuo, akakamilisha seti ya mataji makuu manne ya mchezo huo. Mtu wa hadhi hiyo kushindwa nyumbani kwao na mbeba mikoba asiye na shule! Haukupita muda mrefu, serikali ikamnyima Papwa vibali vya kucheza na Wazungu, paspoti nayo ikachukuliwa. Alifariki dunia 1978, maskini. Leo uwanja wa gofu wa Reservoir Hills, Durban, unaitwa kwa jina lake.

Nakiri Player si mtu rahisi kumhukumu. Mwaka 1966 aliandika kitabu akijitambulisha na Afrika Kusini ya Verwoerd, waziri mkuu wa Makaburu. Miaka mitatu baadaye, kwenye mashindano ya PGA huko Dayton, Marekani, waandamanaji walimrushia barafu, kwa sababu machoni pao yeye ndiye aliyekuwa sura ya Makaburu. Kisha mwaka 1971 akamwalika Mmarekani Mweusi Lee Elder kucheza Afrika Kusini, na baadaye akayakana maneno yake ya zamani. Mwanamichezo maarufu hubeba nchi yake mgongoni, apende asipende.

Je, wajua kuwa Basil D'Oliveira, Mwafrika Kusini asiye Mzungu, aliwahi kucheza kriketi Afrika Mashariki kabla dunia haijamjua? Mwaka 1958 aliongoza timu ya Afrika Kusini ya wasio Wazungu kuja kucheza huku kwetu. Nyumbani hakuwa na nafasi katika timu ya taifa, akahamia Uingereza. Mwaka 1968 Uingereza ilipomteua kwa ziara ya Afrika Kusini, Waziri Mkuu wa Makaburu, Vorster, aliikatalia timu hiyo kuingia, na ziara ikafa.

Na je, wajua kuwa kuna mkimbiaji aliyeingia katika historia ya kuupinga ubaguzi huo kwa kutokukimbia? Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimtangulia John Walker wa New Zealand. Walimwengu walisubiri wakutane Montreal 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Makaburu, na nchi zaidi ya ishirini, nyingi za Afrika, zikasusia Olimpiki. Walker akachukua dhahabu. Bayi alikuwa nyumbani, pamoja na Mkenya Mike Boit. Hatusemi vya kutosha kwamba vijana hao walilipa gharama ya uhuru wa watu wasiowajua.

Hashim Amla, Mhindi wa Durban kizazi kingine, ni mchezaji wa kwanza wa Afrika Kusini, wa rangi yoyote, kufikisha mikimbio 300 katika zamu moja ya kupiga ya mechi ya kriketi ya Test: 311 bila kutolewa, uwanja wa The Oval, London, Julai 2012. Nembo ya kampuni ya bia iliyodhamini timu hakuivaa, kwa kuwa ni Mwislamu. Wakuu wa timu walimkubalia.

Turudi Chatsworth, maana huko nako kuna taji. Je, wajua kuwa bingwa wa kwanza kabisa wa ligi kuu ya soka ya Afrika Kusini kwa muundo wake wa sasa si Kaizer Chiefs wala Orlando Pirates? Msimu wa 1996/97 ubingwa ulichukuliwa na Manning Rangers, timu iliyoanzishwa na Wahindi wa Durban mwaka 1928, ikiwa na maskani yake Chatsworth na kocha wake Gordon Igesund. Mji uliojengwa ili watu wasichangamane ukatoa bingwa wa ligi ya watu wote, miaka mitatu tu baada ya uchaguzi wa 1994 uliomaliza utawala wa Makaburu. Katikati ya miaka ya 2000 klabu hiyo iliuzwa, ikabadilishwa jina na kuhamia Cape Town.

Kabla ya hapo ilikutana na sisi. Yanga ilipokuwa klabu ya kwanza ya Tanzania kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mwaka 1998, kundi lake lilikuwa na ASEC Mimosas, Raja Casablanca na hao hao Manning Rangers. Msomaji uliyekuwa uwanjani Yanga ilipowakaribisha vijana wa Chatsworth, hasa kama bado una tiketi au picha, tuandikie.