Fonti ya Mwandiko na Majina Yetu

Andika jina Samunge kwa fonti ya mwandiko wa kuunganisha, kisha mpe mtu asiyekijua kijiji hicho cha Loliondo, wilayani Ngorongoro, alisome. S itajikunja kwa madaha, a itafuata vizuri. Halafu zinakuja m, u na n: mistari saba ya wima iliyofuatana, na jicho halioni m imeishia wapi wala u imeanzia wapi. Mwaka 2011 nchi nzima ililijua jina hilo kwa kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kwa hiyo wengi watalikisia. Jina la bibi harusi kwenye kadi ya mwaliko halina umaarufu huo.

Fonti nyingi za aina hii zinafuata mwandiko wa kalamu ya unyoya wa Uingereza ya zamani. Snell Roundhand, iliyochorwa na Matthew Carter katika miaka ya 1960, imetokana na mwandiko wa mwalimu Charles Snell. Mstari hunenepa ukishuka, hukonda ukipanda, na uzuri wote umo humo. Lakini Kiswahili kimejaa herufi za mistari mifupi ya wima: umuhimu, mnunuzi, uaminifu. Fonti inayozibana herufi hizo haitufai, hata ikipendeza vipi.

Tazama pia w. Mkia wake hutokea juu, ilhali herufi nyingi huungana chini, na sisi tuna wa, kwa na mwa karibu kila sentensi. Mchoraji makini huandaa umbo la pili la a kwa ajili hiyo, na teknolojia ya OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, huiwezesha programu kulichagua yenyewe. Fonti dhaifu huacha pengo. Kwa Kimaasai hali ni ngumu zaidi: herufi kama ŋ na ɛ mara nyingi hazimo, kompyuta huziazima kwenye fonti nyingine, na neno hubaki na kiraka.

Mahali pa fonti ya mwandiko ni majina ya maharusi, jina la mhitimu kwenye cheti, lebo ya asali. Tarehe, ukumbi na namba ya kutumia mchango viandikwe kwa herufi za kawaida. Usitanue nafasi kati ya herufi, maana viungo vitakatika. Wala usiandike neno zima kwa herufi kubwa; kila moja ilichorwa kuanzisha neno, si kubanana na nyingine. Jina la kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa, lakini zile nyoofu, ndiyo maana husomeka hata mvaaji akiwa anatembea.

Kadi ikitumwa kwa WhatsApp, mistari myembamba ndiyo hupotea kwanza. Kabla ya kulipia uchapaji, omba nakala moja ya ukubwa halisi, umpe mtu asiyewajua maharusi ayasome majina yao kwa sauti.