Pima paa la gari kabla ya kununua keria ya baiskeli

Likizo ya shule inapofika, familia nyingi za mjini hutafuta mahali ambapo watoto wanaweza kuendesha baiskeli bila kuhofia magari. Wakazi wa Nairobi wana msitu wa Karura. Wanaotaka kwenda mbali zaidi hufika Hell's Gate, karibu na Naivasha, mojawapo ya mbuga chache nchini ambako mgeni huruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga.

Baiskeli za kukodi zipo huko, lakini mtoto aliyezoea yake hapendi ya mwingine. Hapo ndipo mzazi anapoanza kuulizia bei ya keria ya kubebea baiskeli juu ya gari.

Kuuliza bei si vibaya. Hata hivyo, lipo swali linalopaswa kutangulia: Je, paa la gari lako linaweza kubeba kilo ngapi?

Jibu limo katika kijitabu kinachouzwa pamoja na gari. Kwa magari mengi madogo, kiwango huwa kati ya kilo 50 na 100. Ikiwa gari lako lilitoka Japani likiwa limetumika na kijitabu kimepotea au kimeandikwa kwa Kijapani, waulize mawakala wa gari la aina hiyo. Usikisie.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba uzito wa keria yenyewe umo katika hesabu hiyo. Tuseme paa lako limeruhusiwa kilo 50. Vyuma viwili vinavyokingama juu ya paa vina kilo 5, na kila kishikizo cha baiskeli kina kilo 3. Baiskeli mbili za kilo 14 kila moja zitafanya mzigo wote kuwa kilo 39. Hapo uko salama. Ukiongeza baiskeli ya tatu, mzigo unafika kilo 56, nawe umekwisha kuvuka mpaka.

Ndiyo maana keria ya chuma kizito iliyochomelewa na fundi wa jua kali yafaa ipimwe kwenye mizani kabla ya kufungwa. Huenda ikawa imara na ya bei nafuu, lakini ikiwa peke yake ina kilo 30, baiskeli zitapata nafasi gani?

Baada ya uzito, tazama umbo la paa. Magari ya zamani, kama vile Peugeot 504, yalikuwa na mifereji ya maji pembeni mwa paa, na keria ilishikilia hapo. Magari mengine yana reli mbili zinazotoka mbele kwenda nyuma, nayo ndiyo rahisi zaidi kufungia. Mengi ya siku hizi yana paa tupu. Hayo yanahitaji keria yenye miguu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo hasa, inayokamata ukingo wa paa juu ya milango. Muuzaji akikuambia kuwa keria yake huingia gari lolote, kumbuka kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwambie aifunge mbele yako, kisha uitikise kwa nguvu. Gari ndilo litikisike, si keria peke yake.

Vishikizo vya baiskeli navyo ni vya aina tatu. Kuna kile kinachokaza foku baada ya gurudumu la mbele kutolewa. Hiki ni imara na baiskeli hukaa chini kidogo, lakini gurudumu lazima lipate nafasi ndani ya gari. Cha pili kina mkono unaobana fremu. Ni chepesi kutumia, ila hakifai fremu ya kaboni, ambayo inaweza kupasuka ikibanwa sana. Cha tatu hubana magurudumu tu bila kugusa fremu. Aghalabu bei yake huwa juu, lakini hupokea baiskeli za aina nyingi, hata zile ndogo za watoto ukihakikisha kwanza kipimo cha gurudumu.

Jiulize pia ni nani atakayezipandisha. Kuinua kilo 14 hadi juu ya kichwa si mchezo, hasa kwa gari refu. Ikiwa huwezi, keria ya kufungwa nyuma ya gari itakufaa zaidi, mradi isifiche taa wala nambari ya gari.

Siku ya safari, ondoa chupa za maji, pampu na kiti cha mtoto kwenye baiskeli. Endesha kilomita chache, kisha usimame ukaze kila nati na mkanda upya. Barabarani, punguza mwendo. Mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo unaosukuma baiskeli huongezeka mara nne. Upepo wa ubavuni katika miteremko ya Bonde la Ufa nao huyumbisha gari lililobeba mzigo juu.

Kumbuka urefu pia. Gari la mita 1.5 likibeba baiskeli iliyosimama hukaribia mita 2.7, na malango mengi ya maegesho ya chini ya majengo hayafiki hapo. Bandika karatasi mbele ya usukani ikukumbushe.

Tahadhari hizi si kwa ajili ya baiskeli tu. Baiskeli ikichomoka juu ya gari linalokwenda kasi, haimwangukii aliyeifunga vibaya. Inamwangukia anayefuata nyuma, na huenda huyo ni mwendeshaji wa bodaboda aliyempakia mtoto wa mwenzako. Ikiwa pesa ulizo nazo hazitoshi keria inayolifaa gari lako, nendeni tu na mkakodi baiskeli langoni. Keria itanunuliwa likizo ijayo.