Uendeshaji: Kazi Isiyoonekana na Njia ya Kuisomea

Katika masikio ya Wakenya walio wengi, operesheni ni neno la chumba cha upasuaji au la msako wa polisi. Katika taaluma ya biashara, hata hivyo, dhana hii hurejelea kazi zote zinazogeuza malighafi, nguvu za watu na muda kuwa bidhaa au huduma inayomfikia mteja. Katika makala haya itaitwa uendeshaji. Aghalabu mwendeshaji hakumbukwi ila pale foleni inaporefuka au bidhaa inapoadimika. Mambo yakienda shwari, hakuna amwulizaye. Si ajabu basi kwamba wanafunzi wengi wa biashara huvutiwa zaidi na fedha au masoko.

Mfano bora wa njia ya kuisomea kazi hii unapatikana katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani. Programu yake ilianzishwa mwaka 1988, wakati ambapo viwanda vya Marekani vilikuwa vikizidiwa na vile vya Japani, hasa katika magari na vyombo vya elektroniki. Waanzilishi waliona pengo: mhandisi aliijua mashine lakini hakujua hesabu za kampuni, naye meneja alizijua hesabu lakini mashine ilimpiga chenga. Kwa hivyo mwanafunzi husomea shahada mbili za uzamili kwa pamoja, moja ya biashara na nyingine ya uhandisi, kwa muda wa miezi 24. Awali programu ilihusu uzalishaji viwandani pekee. Mwaka 2009 ilipewa jina jipya, Leaders for Global Operations, maadamu uendeshaji ulikuwa umekwisha kuvuka kuta za kiwanda.

Je, ni nini hasa kinachofunzwa? Chukua kanuni iliyothibitishwa mwaka 1961 na John Little, ambaye baadaye alikuwa profesa wa miaka mingi katika taasisi hiyohiyo. Kanuni yenyewe ni nyepesi mno hata mtu anaweza kuidharau: wastani wa idadi ya watu waliomo mahali ni sawa na kasi yao ya kuingia ikizidishwa na muda ambao kila mmoja hukaa humo. Tuseme zahanati hupokea wagonjwa 20 kwa saa, na kila mgonjwa hukaa saa 3 tangu aingie hadi atoke. Wakati wowote mtakuwa na wagonjwa 60 ndani. Msimamizi anayeona msongamano huo hukimbilia kununua mabenchi. Mabenchi hayapunguzi hata mgonjwa mmoja. Iwapo muda wa kukaa utashushwa hadi saa 2, pengine kwa kuondoa safari ya pili kwa karani au kwa kuwahisha majibu ya maabara, watabaki 40, na hakuna aliyefukuzwa. Somo la uendeshaji ni kuutafuta muda huo uliopotea na kujua umepotelea kwa nani.

Muda huo hauonekani kutoka darasani. Ndiyo sababu kila mwanafunzi hutumwa kwa miezi sita katika kampuni mbia, akakabidhiwa tatizo halisi. Matokeo yake huwa tasnifu inayosimamiwa na wahadhiri wa pande zote mbili, biashara na uhandisi.

Miongoni mwa waliopitia njia hii ni Jeff Wilke, aliyehitimu mwaka 1993 na kujiunga na Amazon mwaka 1999. Wilke, aliyekuwa ametoka viwandani, alishikilia kwamba jengo linalofungasha vitu tofauti kwa kila mteja linafanana zaidi na kiwanda kuliko ghala la kupelekea maduka shehena. Akaajiri wahandisi. Vilivyokuwa vituo vya usambazaji vikaitwa vituo vya kutimizia maagizo, badiliko la istilahi ambalo wanaisimu wangefurahia kulichambua, kwani jina lilihamisha macho kutoka kwa mzigo hadi kwa mteja.

Macho hayo, hata hivyo, yalimpita mfanyakazi. Kampuni hiyo ilikuja kulaumiwa vikali kwa kasi ya kazi na majeraha, na mwaka 2021 jimbo la California likapitisha sheria ya kudhibiti viwango vya kasi maghalani, ili mtu asikose muda wa kula au wa kwenda msalani kwa sababu ya idadi aliyowekewa. Kanuni ya Little ina vipimo vitatu tu. Uchovu si mojawapo. Huo ni upungufu ambao mwendeshaji hana budi kuujazia mwenyewe.

Anayeomba nafasi aghalabu huwa amekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, na hisabati isiwe inamtisha. Kampuni wabia huchangia sehemu ya karo, na ndizo zinazompokea katika ile miezi sita.