Sanduku la Vitabu Litembealo

Yako mambo mawili ambayo kila mwalimu wa Bukoba na Muleba ayajua, nayo yakiwekwa pamoja yahuzunisha. La kwanza, watoto wetu wapenda hadithi mno. Jioni, ndizi zikiwa motoni, hawangoji kuitwa mara mbili wakisikia bibi ameanza kusimulia. La pili, wengi wao hawajapata kushika kitabu cha hadithi mikononi mwao wenyewe. Kitabu wakijuacho ni kile cha darasani, nacho hutazamwa na watoto watatu au wanne kwa pamoja. Na kengele ikilia, hurudi kabatini kikafungiwa.

Matunda ya hali hii yameonekana. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba katika Tanzania wakiwapima watoto kusoma. Waliona ya kuwa wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tusiseme watoto hawa ni wajinga. Mtu hawezi kujua kuogelea pasipo maji, wala kusoma pasipo kitabu.

Lakini shule moja yaweza kununua vitabu vingapi? Ikinunua thelathini, watoto watavisoma vyote katika muhula mmoja, na muhula wa pili watavikinai. Shule ya jirani nayo ina thelathini vyake, nao wamekwisha kuvikinai vile vile. Basi dawa iko karibu: wabadilishane. Shule sita zenye sanduku moja moja, zikipokezana kila muhula, kila mtoto apata kuona vitabu vya masanduku sita, na hakuna shule iliyolipa zaidi ya sanduku moja.

Shauri hili si geni katika nchi zetu. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu, na pia kuvipeleka kwa wasomaji. Mahali pasipokuwa na maktaba ilipeleka masanduku ya vitabu, na msomaji aliyekaa peke yake mbali aliweza kuazima kwa njia ya posta. Tanganyika ilipokwisha kujitawala, ilitungwa sheria ya mwaka 1963 ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Tena, jirani zetu wa Kenya, mwaka 1996, waliona ya kuwa gari halifai katika mchanga wa Garissa, wakawatwika ngamia masanduku ya vitabu, wakawafuata wafugaji huko waliko. Ikiwa ngamia aliweza kufika kambini kwa wafugaji, je, pikipiki haiwezi kutoka Kemondo hata Kamachumu, au kutoka Nshamba hata Rubya?

Na sanduku lina faida nyingine, ambayo sisi wa Kagera twaijua kwa uchungu. Tetemeko la nchi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba na shule nyingi. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata wanafunzi wakaondolewa. Maktaba ya kuta hungoja fundi na saruji. Sanduku hufunguliwa chini ya mwembe, na kazi ikaendelea.

Sasa tuseme juu ya vitabu vya kutia ndani. Wako wazazi wadharauo vitabu vya picha, wakisema, "Hicho ni mchezo, mtoto na asome maneno." Hawa na wamkumbuke Comenius, askofu na mwalimu wa watu wa Moravia. Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, kilitolewa kitabu chake kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu uonekanao kwa picha. Kila kitu pichani kilitiwa namba, na namba ile ile ilitiwa kwenye neno lake, ili jicho na ulimi viende pamoja. Alijua ya kuwa mtoto hushika upesi jina la kitu akionacho.

Kwetu sisi faida ni kubwa zaidi, maana mtoto wa Bukoba husema Kihaya nyumbani na hukutana na Kiswahili shuleni. Neno asilolijua, picha humfasiria bila kumwaibisha. Na liko jambo jingine lililo jema kupita yote. Bibi asiyepata kwenda shule hawezi kusoma maneno, lakini picha aweza kuisoma. Mpeni kitabu chenye picha ya sungura na fisi, nanyi mtaona: mtoto atasoma mstari kwa Kiswahili, bibi atatazama picha na kuongeza kwa Kihaya yale ambayo mwandishi hakuyajua. Hapo kitabu hakikuifukuza hadithi ya jikoni, bali kimeketi karibu nayo.

Tena vitabu vya watoto wetu havikosekani. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kutolewa hadithi nyingi za Kiswahili. John Kilaka, mchoraji wetu, amekusanya ngano kwa wazee vijijini na kuzitengeneza kwa picha za rangi ambazo watoto wa nchi za mbali wazitazama. Basi si haki watoto wa mbali wazione na wa Muleba wazikose.

Walio tayari kuanza, na washike haya:

Kwanza, sanduku liwe la mbao au la bati, lenye kufuli, lisiloingiza mvua wala mchwa. Orodha ya vitabu ibandikwe ndani ya kifuniko.

Pili, siku ya kupokezana, waalimu wawili wahesabu pamoja na kutia sahihi katika daftari moja lisafirilo na sanduku.

Tatu, kitabu kilichochanika kishonwe au kibandikwe kabla ya kuondoka. Watoto wakubwa wafundishwe kazi hiyo.

Nne, mtoto apewe ruhusa ya kuchukua kitabu nyumbani. Hapa waalimu wengi huogopa, kwa kuwa kitabu kikipotea wataulizwa wao. Hofu hiyo yafahamika. Kwa hiyo shule zote na zikubaliane mapema, kwa maandishi, ya kuwa vitabu vichache vitakwisha kwa kutumika, wala mwalimu hatalipishwa kwa hivyo. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake. Kilicho kipya kabatini baada ya miaka kumi ndicho kilichopotea.

Tano, wazazi watenge robo saa jioni, redio na simu zikiwa kimya, mtoto asome na watu wazima wamsikilize. Msimkatize kwa kila kosa. Mwulizeni, "Na huyu pichani afanya nini?" Atawaambia mengi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sanduku la vitabu ni mgeni wa namna hiyo. Mlipokeeni vema, mfungue kufuli lake siku ile ile lifikapo, na muhula ukiisha msindikizeni kwa jirani, maana kwake pia wako watoto wanaongoja.