Kozi Mgeni Afuataye Mvua

Mvua za vuli zinapoelekea kwisha, yaani mwishoni mwa Novemba na katika Desemba, watu wa sehemu za Tsavo na kwingineko katika Kenya huona ndege wadogo wa jamii ya kozi wakizunguka angani makundi makundi, pengine mamia pamoja. Wengi huwadhania kuwa ni mwewe waliokuja kunyakua vifaranga, na vijana hukimbilia manati. Yafaa basi tumtambue mgeni huyu kabla ya kumrushia jiwe.

Kwanza, litazame umbo lake. Kozi ana mbawa ndefu zilizochongoka, na mdomo wake wa juu una kijino kidogo kila upande, ambacho kwacho huvunja shingo ya windo. Mwewe ni mkubwa zaidi, rangi yake ni ya kahawia, na mkia wake una panda. Mgeni wetu hana panda mkiani, na urefu wake toka mdomo hata mkia ni kama sentimeta 30 tu.

Pili, zitazame rangi. Dume ni wa kijivu kilichokoza, isipokuwa mapajani na chini ya mkia, ambako manyoya ni mekundu kama matofali. Miguu yake, duara la jicho, na ngozi iliyo penye tundu za pua, vyote ni vya rangi ya chungwa. Arukapo, huonekana manyoya meupe chini ya mbawa zake, nayo ndiyo alama kubwa. Jike hafanani na mumewe: mgongo wake ni wa kijivu, kifua ni cheupe chenye madoa meusi, na mashavuni ana alama kama masharubu. Lakini miguu yake pia ni ya rangi ya chungwa.

Yuko kozi mwingine wa kijivu, azaliwaye katika majangwa ya Arabuni na Afrika ya Kaskazini, ambaye hupita kwetu akienda Bukini. Huyo miguu yake ni ya manjano, wala hana mapaja mekundu.

Mwenye alama zote tulizozitaja ni kozi wa Amur, aliyepewa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na Uchina. Huzaa pande zile, kisha hupitia India na kuvuka Bahari ya Hindi, safari ya zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji, hata afike Afrika ya Mashariki na kuendelea kusini. Mwaka 2012, huko Nagaland katika India, watu waliwanasa maelfu kwa maelfu kwa nyavu ili kuwauza kwa nyama. Wanavijiji walipoelezwa habari za safari yao walikubali kuacha, na mwaka 2013 nyavu hazikutandazwa tena.

Chakula chake hasa ni wadudu: kumbikumbi, panzi, nzige na kerengende. Ndiyo sababu hufuata mvua, kwa maana mvua ndiyo iwatoayo kumbikumbi ardhini. Ndege wa gramu 150 hivi hawezi kumbeba kuku, bali huwala wadudu waharibuo mazao. Basi, ewe mkulima, umwonapo mwenye miguu ya rangi ya chungwa, mwache apite salama. Amekuja kukusaidia kazi, wala hadai mshahara.