Mwanasesere wa Unga wa Mbao

Mwaka 1934, Marekani ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, watu walijaa katika majumba ya sinema kumtazama mtoto wa miaka sita akiimba na kucheza. Jina lake lilikuwa Shirley Temple. Mwaka huohuo kampuni ya Ideal ya New York ilitoa mwanasesere wa sura yake, kazi ya mchongaji Bernard Lipfert. Alikuwa na vishimo mashavuni, nywele za misokoto na macho yanayofumba alazwapo.

Leo wanasesere hao hutafutwa na wakusanyaji, lakini kuwatunza ni kazi ngumu. Hawakuwa wa plastiki. Viungo vyao vilitengenezwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukashindiliwa katika kalibu, kisha vikapakwa rangi. Unga huo huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, ilhali rangi iliyo juu hainyumbuki. Mwishowe rangi hupasuka mistari myembamba, mfano wa udongo wa kiangazi.

Hapo fundi hukabiliwa na uamuzi mzito. Akimpaka rangi mpya, mwanasesere atang'aa, lakini uso uliotoka kiwandani utapotea daima, na thamani yake itashuka. Akimwacha, huenda rangi ikaendelea kubanduka. Kwa hiyo mafundi wenye busara hutengeneza palipobomoka tu, na mwenye kuuza kwa uaminifu humweleza mnunuzi kila kilichobadilishwa.

Mambo manne huzingatiwa:

1. Mwili usioshwe kwa maji, kwani maji huyeyusha gundi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu.

2. Mpira wa ndani unaoshika mikono na miguu ukilegea, ubadilishwe. Usikazwe mno, usije ukavunja viungo.

3. Misokoto ya nywele isichanwe kwa kitana, kwani ikifumuka hairudi kwa urahisi katika umbo lake la awali.

4. Mwanasesere asiwekwe juani, karibu na jiko, wala ndani ya mfuko wa plastiki unaofungia unyevu.

Mnunuzi naye awe macho. Mwaka 1957 Ideal ilitoa tena wanasesere wa Shirley Temple, safari hii wa vinili. Nao wana wapenzi wao, lakini si wale wa kwanza. Jina la Shirley Temple lililopigwa chapa nyuma ya kichwa au mgongoni husaidia kuwatambua, ingawa jina peke yake halitoshi. Sharti nyenzo nazo zichunguzwe.

Shirley mwenyewe aliacha sinema akaingia katika utumishi wa serikali. Alikuwa balozi wa Marekani nchini Ghana kuanzia mwaka 1974 hadi 1976, na alifariki mwaka 2014.

Familia zinazohama mara kwa mara kwa sababu ya kazi zaweza kupata funzo hapa. Kitu cha utotoni kifungwe kwa kitambaa cha pamba, kiwekwe mahali pakavu, na jina la mwenyewe liandikwe pamoja na mwaka alipokipata. Wajukuu watajua kilikuwa cha nani.